Pumzi Tulivu Kabla ya Mazungumzo: Msaada kwa Mama Mwenye Mawazo Mengi

Kama uko jikoni, ongeza sauti ya redio kidogo, kisha punguza moto chini ya hicho chungu, kwa maana leo nitakuomba uketi kwa dakika chache.

Tumezoea kuongea hapa habari za chanjo, uzazi wa mpango na chakula cha mtoto. Leo tuongee habari za mama mwenyewe, na hasa yule mama ambaye ameambiwa aende kwa mshauri nasaha, akaenda, na bado anaona haisaidii.

Ngoja nikusimulie. Nimebadilisha mambo machache ili mwenyewe asijulikane, na yeye aliniruhusu niyaseme. Alikuja kliniki na mtoto wa miezi mitatu. Mtoto alikuwa mzima kabisa, uzito umeongezeka, mstari kwenye kitabu chake unapanda vizuri. Aliyepungua ni mama. Nikamwuliza, "Na wewe mama, unalala?" Akainamisha uso, machozi yakadondoka juu ya leso aliyombebea mtoto. Siku hiyo hiyo nikampeleka kwa mshauri nasaha wetu. Akahudhuria vikao viwili. Cha tatu hakuja.

Nilipomtembelea nyumbani aliniambia hivi: "Sista, nikikaa kwenye kile kiti moyo unanidunda, maneno yanakwama hapa kooni. Yule mama anaongea vizuri, namsikia. Lakini nikitoka mlangoni sikumbuki hata neno moja."

Msikilizaji wangu, huenda ukasema mama huyu ni mkaidi au hataki kusaidiwa. Sivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni ile huzuni kubwa ambayo wataalamu huiita sonona. Usisikie neno "ugonjwa wa akili" ukafikiria mtu wa kuvua nguo sokoni. Mara nyingi ni mama anayepika, anayefua, anayeitikia salamu za majirani, lakini ndani amekauka. Huzuni ndogo ya siku za kwanza baada ya kujifungua huwapata wengi na huisha yenyewe. Ikipita wiki mbili bado iko, hiyo si ya kusubiri. Njoo kituoni.

Huko kituoni, mojawapo ya matibabu ni mazungumzo. Nasema matibabu kwa sababu watu wengi hudhani ushauri nasaha ni kupewa mawaidha, kama yale ya shangazi siku ya harusi. Mshauri aliyefunzwa hakupi mawaidha. Anasikiliza, anakuuliza, anakusaidia uone jinsi wazo fulani linavyouvuta mwili, na jinsi mwili unavyokuvuta ufanye au uache jambo. Kisha mnakubaliana ujaribu kitu kimoja nyumbani, urudi mseme kilivyokwenda. Ni kazi. Na anayeifanya zaidi ni wewe, si yeye.

Hapo ndipo mama yetu alipokwama. Mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba hawezi kuketi akapiga hesabu ya karo. Mwili wote umejiandaa kukimbia au kupigana: moyo mbio, misuli imekaza, tumbo limefunga, akili iko kwa nyoka tu. Mwenye hofu au huzuni ya muda mrefu huishi hivyo hata kama nyoka hayupo. Umketishe kwenye kiti, umwambie "haya, nieleze," utapata kimya, au machozi, au "niko sawa, sista."

Mshauri wetu alipopata habari hizo alimwomba arudi, akabadilisha mpango. Kabla ya kuuliza neno lolote, walikaa pamoja dakika tano wakipumua. Ndiyo, kupumua. Watu wa vitabu huita taamuli, wengine kutafakari. Mimi nitaita kutulia na pumzi, kwa sababu ndilo jambo lenyewe linalofanyika.

Najua wengine mmeshtuka. "Sista, hiyo si dini ya watu wa Asia?" Ni kweli kwamba mazoezi ya namna hii yana historia ndefu katika dini za Asia, hasa za Wabudha na Wahindu. Lakini hili tunalotumia hospitalini halina sala ndani yake, halina jina la kutaja, na halikuombi uamini chochote. Pumzi ni ile uliyozaliwa nayo. Anayeswali ataswali, anayeenda kanisani ataenda. Mama mmoja wa Kiislamu aliniambia yeye huona ni rahisi kuketi na pumzi baada ya swala ya alfajiri, kwa sababu nyumba bado imelala na ameshaketi tayari. Kama kiongozi wako wa dini ana swali, mwalike aje atuone tunavyofanya. Hatufichi kitu.

Sasa tufanye. Keti mahali ambapo mgongo utapata kuegemea. Kiti, ukingo wa kitanda, mkeka ukiegemea ukuta, vyote ni sawa. Weka nyayo chini uzisikie zimegusa sakafu. Teremsha mabega. Mkono mmoja uwe tumboni. Macho unaweza kuyafumba, au yaache wazi ukitazama mahali pamoja sakafuni. Vuta pumzi kwa pua, taratibu, ukihesabu kimoyomoyo moja mpaka tatu. Itoe polepole zaidi, ukihesabu moja mpaka tano, kama mtu anayepuliza uji wa mtoto upoe bila kuumwaga. Usijaze kifua mpaka juu. Ukisikia kizunguzungu au midomo ikifa ganzi, jua unavuta pumzi nyingi kupita kiasi, basi acha upumue kawaida. Baada ya mara tano au sita, acha kuhesabu. Iache pumzi iende yenyewe, wewe kaa nayo tu.

Akili itakutoroka. Utajikuta unafikiria unga, deni la duka, maneno aliyosema mama mkwe. Hujakosea. Ukitambua imetoroka, irudishe kwenye pumzi bila kujikemea. Itatoroka tena, uirudishe tena. Zoezi lenyewe ni huko kurudisha, wala si kuwa na kichwa kitupu. Watu wengi huacha siku ya pili wakisema "mimi siwezi, mawazo yananijia." Yanamjia kila mtu, hata mimi ninayewafundisha.

Yule mama alilieleza kuliko mimi. Alisema: "Sista, mawazo yangu ni kama makanga wa steji. Kila mmoja ananivuta mkono niingie kwake. Zamani nilikuwa naingia kila gari. Sasa naweza kusimama pale nikaona linaenda."

Kwa nini kutoa pumzi polepole hutuliza? Moyo hupokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia mishipa ya fahamu. Kuna inayouharakisha na kuna inayoutuliza. Unapovuta pumzi ndani, moyo huongeza mwendo kidogo, na unapoitoa hupunguza. Ukirefusha ile ya kutoa, unaupa mshipa wa kutuliza nafasi zaidi. Wengine wakishika kifundo cha mkono wanaweza kuyahisi mabadiliko hayo kwenye mapigo.

Lakini nisikudanganye. Pumzi haikumponya mama yule. Kilichofanyika ni hiki. Mshauri alimpa kazi ya wiki: jioni, moyo ukianza kudunda, aketi na pumzi kidogo, halafu aangalie ni wazo gani lililotangulia. Hapo awali hangeweza kuijibu kazi hiyo, kwa sababu wazo na hofu vilikuwa vinamjia kama fungu moja. Alipojifunza kutulia akaona. Kila siku mambo yalianza magharibi, giza likiingia. Akarudi na jibu hilo kwenye kikao, na mshauri akamwuliza tu, "Magharibi kulitokea nini?"

Kumbe kabla ya huyu mtoto alikuwa na mwingine. Alishikwa na homa jioni, wakahangaika kutafuta gari, akafia njiani. Watu walimwambia asilie sana, atapata mwingine. Akapata mwingine. Na tangu siku aliyomleta nyumbani alikuwa anakesha usiku kucha akiweka sikio kifuani mwake kusikia kama anapumua. Jina la yule wa kwanza hakuna aliyelitaja tena nyumbani mwake, mpaka siku ile kwenye kile kiti.

Kazi ya kumponya ilianzia hapo, na ilikuwa kazi ya mazungumzo, wiki baada ya wiki. Daktari pia alimwandikia dawa inayokubalika kwa mama anayenyonyesha. Yalipokuwa mazito katikati ya kikao, mshauri alikuwa anasema, "Tusimame kidogo, sikia nyayo zako," wanapumua, kisha wanaendelea. Utulivu ulimwezesha kukaa ndani ya chumba na jambo ambalo awali lilikuwa linamfukuza.

Mambo haya yamefanyiwa utafiti. Mwaka 1979 mtaalamu wa biolojia wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu zoezi la namna hii katika chuo kikuu cha udaktari cha Massachusetts. Baadaye wanasaikolojia watatu, Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale, waliliunganisha na matibabu ya mazungumzo kwa watu waliopona sonona lakini wanaoogopa itarudi. Matokeo yao ya mwaka 2000 yalionyesha kwamba kwa wale waliokuwa wameugua mara tatu au zaidi, karibu 66 kati ya 100 waliopata huduma ya kawaida tu walirudiwa na ugonjwa katika muda wa mwaka mmoja hivi, na kwa waliofundishwa walikuwa karibu 37. Wale waliokuwa wameugua mara mbili tu hawakupata faida hiyo. Nataja na hilo kwa makusudi, ili usiuziwe na mtu kwamba ni dawa ya kila kitu na kila mtu.

Na hapa kwetu? Mwaka 2015, katika mitaa ya pembezoni mwa Nairobi, wanawake 421 waliokuwa wamewahi kudhulumiwa kijinsia na waliokuwa na dhiki ya moyo walishiriki utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani. Nusu yao hivi walipata vikao 5 vya mazungumzo na wahudumu wa afya ya jamii, watu wa mtaa wasio na shahada ya saikolojia, waliofunzwa kwa siku chache. Mojawapo ya mambo waliyofundishwa, tena mwanzoni, ni kupumua polepole. Mengine yalikuwa kupanga shida moja moja, kurudia shughuli zilizoachwa, na kutafuta watu wa kukuunga mkono. Wengine walielekezwa kwa muuguzi wa kituo cha afya kama kawaida. Miezi mitatu baadaye, waliopata vile vikao walikuwa wamepungukiwa na dhiki kuliko walioelekezwa kwa muuguzi. Nasema haya nikiwa muuguzi, na yameniuma kidogo, lakini ndiyo hayo. Huwezi kusema pumzi peke yake ndiyo iliyofanya kazi. Ilikwenda pamoja na mazungumzo, na hilo ndilo ninalokueleza tangu mwanzo.

Sasa kuna upande ambao watu hawausemi, upande wetu sisi tunaosikiliza. Kuna siku nilikuwa nimetembelea nyumba sita kwenye jua. Nyumba ya sita mama ananieleza habari za mumewe, na mimi natingisha kichwa huku nikifikiria kama nitapata matatu ya kurudi. Akanyamaza. Akasema, "Sista, umechoka, nitakueleza siku nyingine." Niliona haya. Ile siku nyingine ilichukua miezi miwili.

Tangu wakati huo, kabla ya kumwita mama anayefuata, naweka kalamu chini, viganja juu ya meza, pumzi tano. Foleni haikufupika wala kuongezeka kwa sababu ya pumzi tano. Ila yule anayeingia ananikuta nipo. Ujerumani walilijaribu jambo hili, matokeo yakachapishwa mwaka 2007: washauri 18 waliokuwa bado mafunzoni waligawanywa, nusu wakifanya utulivu huo asubuhi kabla ya kazi, nusu hawakufanya. Wagonjwa wao 124 hawakujua nani ni nani. Baada ya wiki 9, wagonjwa wa wale waliotulia walikuwa wamepata nafuu zaidi. Ni utafiti mdogo, na mmoja hautoshi, lakini mimi haukunishangaza.

Na wewe dada, au nyanya, unayekaa na mama mwenye huzuni nyumbani, wewe pia ni msikilizaji wake. Kabla hujamjibu, pumua mara moja. Pengine lile "utapata mwingine" litabaki kinywani.

Sasa nisikilizeni kwa makini katika haya ninayoyasema.

Kwa aliyepigwa, aliyebakwa, au aliyeona mambo ya kutisha, kufumba macho kwenye kimya kunaweza kuyarudisha yote kana kwamba yanatokea sasa. Kama ndivyo, usilazimishe. Fungua macho, shika kitu baridi kama kikombe cha maji, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani, na zoezi lenyewe ufanye tu ukiwa na mshauri wako. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii naye asifanye peke yake. Usiache dawa ya sonona, ya kifafa wala ya presha kwa sababu umeanza kutulia; dawa huachwa kwa maneno ya daktari. Mjamzito asizuie pumzi.

Na kama kuna mtu anayekupiga nyumbani, pumzi hii sikukupa ili uweze kuvumilia kipigo. Nimewahi kusikia mume akimwambia mkewe, "Si sista amekufundisha kutulia? Tulia basi." Hapana. Tulia ili upate akili ya kufika kituoni, kwa chifu au polisi, au kwa jirani unayemwamini.

Mama akianza kusema mtoto si wake, au halali kabisa na anaongea mambo yasiyoeleweka, au anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo hakuna habari ya kupumua. Usimwache peke yake hata dakika moja, mtoto ashikwe na mtu mwingine, na aletwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Haletwi kushtakiwa. Analetwa kutibiwa, na wengi hupona.

Nina swali moja lililotumwa kwa ujumbe mfupi. Mama anauliza: "Sista, mimi nina watoto wanne na chumba kimoja. Hicho kimya nitakitoa wapi?"

Swali zuri, na nalicheka kwa sababu na mimi nalijua. Usitafute kimya. Unaponyonyesha umeshaketi, basi hiyo ndiyo nafasi yako: sikia uzito wa mtoto mkononi, na pumzi yake na yako. Unapoosha vyombo, sikia maji na povu kwa dakika mbili kabla mawazo hayajakuchukua. Watoto wakubwa waite mpumue pamoja, wapulize uji wa kujifanya; watacheka, na kucheka nako si vibaya. Dakika tano kila siku zinatosha kuanzia. Siku ukisahau, anza kesho. Na ukienda kwa mshauri, fika mapema kidogo, keti kwenye benchi pale nje, nyayo chini, upumue kabla hujaitwa. Kisha mwambie uliyoyaona wiki hiyo, hata kama ni jambo dogo kama saa ambayo moyo ulianza kudunda.

Yule mama bado anakuja kliniki. Mtoto sasa anatembea, na juzi alinivutia kalamu mfukoni. Dada yake mkubwa, yule aliyetangulia, anatajwa nyumbani kwa jina lake.

Wiki ijayo tutaongea habari za kuharisha: jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na kwa nini mtoto hupewa zinki. Weka kalamu na karatasi karibu. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii, nawatakia jioni njema. Na sasa unaweza kuongeza moto chini ya kile chungu.